Sure, certain, positive, confident, convinced: uhakika wako umekaa wapi?

Wakili anauliza kwa Kiingereza: "Are you sure?" Mkalimani anamgeukia shahidi, mama wa makamo: "Una uhakika?" Mama anajibu kwamba anao. Wakili anaendelea: "Are you certain?" Mkalimani hana neno jingine mkononi, anarudia: "Una uhakika?" Mama anamtazama. "Nimeshasema nina uhakika." Wakili bado: "Are you positive?" Kwa mara ya tatu mama anaulizwa kama ana uhakika, na safari hii anajibu kwa sauti ya mtu anayeona anaitwa mwongo. Atakayesoma kumbukumbu za Kiingereza atakuta maswali matatu na shahidi aliyepandisha hasira. Masikioni mwa mama lilikuwa swali moja tu.

Mimi nahariri barua na ripoti za watu wanaoandika Kiingereza huku wakifikiri kwa Kiswahili, na tatizo la mkalimani huyu nakutana nalo karibu kila wiki kutoka upande wa pili. Mtu ana "nina uhakika" moja kichwani, mbele yake yamejipanga maneno matano, na anachukua lililo karibu. Mara nyingi analichagua kwa nguvu: anadhani "sure" ni nyepesi, "certain" nzito kidogo, "positive" nzito kabisa, kama mizani ya dukani. Mizani hiyo haifanyi kazi. Maneno haya yanatofautiana zaidi kwa mahali uhakika ulipokaa kuliko kwa uzito wake.

Tena lugha yetu yenyewe inalijua jambo hili. Kwa Kiswahili uhakika ni kitu unachokuwa nacho: nina uhakika, nina hakika, nina yakini. Lakini kocha husema "nina imani tutashinda", hakimu husema "mahakama imeridhika", mtu aliyebishana hadi akakubali husema "nimeshawishika", na binti anayesimama mbele ya watu bila kutetemeka tunasema anajiamini. Hayo ni makazi tofauti ya uhakika. Kinachokosekana ni kuyaunganisha na maneno ya Kiingereza.

Maswali ya kuulizia kila neno

Kabla ya kuchagua, ninauliza mambo manne. Kwanza, nani anabeba uhakika: mtu anayesema, au jambo lenyewe? Pili, umetoka wapi: kuona kwa macho, kumbukumbu, ushahidi uliokusanywa, au imani tu? Tatu, unatazama nyuma au mbele, yaani jambo limeshatokea au bado? Nne, neno linakubali kufuatwa na nini kisarufi, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa hata baada ya kupata maana sahihi. Juu ya yote hayo kuna namna msikilizaji atakavyolipokea, na hiyo wakati mwingine inageuza maana nzima.

Sure

Asili yake ni Kilatini "securus", maana yake asiye na wasiwasi. Mbeba uhakika hapa ni mtu, na uhakika wenyewe ni ule wa moyo uliotulia. Chanzo chake hakiulizwi sana. Unaweza kuwa "sure" kwa sababu umeona, umekumbuka, au unahisi tu. Linatazama nyuma na mbele bila shida. Ndiyo maana ni neno la kila siku, na ndilo la kwanza kujaribu kama hujui pa kuanzia.

Kisarufi linakubali mengi: "sure of", "sure about", "sure that", na kwa kukanusha "not sure whether". Linakataa kitu kimoja ambacho Waswahili tunakipenda. "Ni hakika kwamba mvua itanyesha" ni Kiswahili kizuri, lakini "It is sure that it will rain" si Kiingereza sanifu. Hapo "sure" inampisha "certain".

Kuna jozi moja ya sentensi ambayo ningependa kila mwanafunzi aiandike kwenye daftari: "She is sure of winning" na "She is sure to win". Ya kwanza inasema moyo wake yeye: anaamini atashinda, na anaweza kuwa anajidanganya. Ya pili inasema moyo wangu mimi ninayezungumza: atashinda huyu, hata kama yeye mwenyewe amekata tamaa. Kihusishi kimoja kimehamisha uhakika kutoka kichwa kimoja kwenda kingine. "Certain" ina tabia hiyohiyo.

Sasa namna linavyosikika. "I'm sure" mwanzoni mwa sentensi mara nyingi hupunguza uhakika. "I'm sure he paid" maana yake, kwa masikio ya Mwingereza, ni "nadhani alilipa, sijaona risiti". Anayejua kweli husema tu "He paid." Lakini usiharakishe kuliita neno jepesi kwa sababu hiyo. Katika mahakama za England na Wales, raia wanaoketi kwenye juri huelekezwa wasimtie mtu hatiani mpaka wawe "sure" kwamba ametenda kosa. Neno hilohilo la kujibia "sawa" kwa Wamarekani linabeba kifungo cha maisha huko. Mazingira ndiyo yanayolipa uzito.

Certain

Linatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuchekecha. Ukishika picha hiyo umeshika neno lote: unga umeshapita kwenye chekeche, pumba zimebaki juu. Uhakika wa "certain" umepitia kupimwa. Hivyo linafaa pale unapotaka msomaji ajue kwamba umechunguza.

Na mbeba uhakika? Hapa ndipo "certain" inapowazidi wenzake, maana inakaa kwa mtu na inakaa kwa jambo pia: "I am certain" na "It is certain that". Ukitaka kusema jambo limethibitika lenyewe, bila kujali wewe unaonaje, hili ndilo neno lako. Linatazama nyuma na mbele sawasawa.

Lakini lina mtego ambao umewaumiza wengi, na nitakaa nao kidogo. Likiwa mbele ya nomino, "certain" kwa kawaida halina uhakika wowote. Maana yake ni "fulani" au "baadhi". "A certain man" ni mtu fulani. Niliwahi kupewa ripoti ya uchunguzi wa fedha zilizopotea, imeandikwa kwa uangalifu mkubwa, na ukurasa wa kwanza kabisa ulisema: "We have certain evidence that the money was withdrawn in March." Mwandishi alikusudia "tuna ushahidi wa uhakika". Msomaji wa Kiingereza anapata "tuna ushahidi fulani hivi". Sentensi iliyotakiwa kuwa msumari ikawa uzi. Tulibadilisha kuwa "clear evidence", na kazi ya wiki kadhaa ikapata mdomo wake. Maneno machache yanaruhusu maana ya uhakika mbele ya nomino, kama "certain death" na "certain defeat", na unayakuta zaidi kwenye maafa. Kwingine kote, ukitaka kuliweka mbele ya nomino, simama kwanza.

Linavyosikika: rasmi kidogo, lenye kupima maneno. Ukilitumia nyumbani kuulizia funguo utaonekana umevaa suti jikoni, ingawa hakuna atakayeshindwa kukuelewa.

Positive

Mbeba uhakika ni mtu, daima. "It is positive that" haipo kwa maana hii. Chanzo chake mara nyingi ni kumbukumbu au macho: nilimwona, niliiweka hapa mezani. Linatazama nyuma zaidi kuliko mbele. Na lina mazingira yake maalumu: hujitokeza baada ya mtu kukutilia shaka. Unasema umezima jiko, mwenzako anauliza "Are you sure?", unajibu "I'm positive." Ni jibu la pili, la kufunga mjadala. Ukianza nalo kabla hujaulizwa unaonekana unajitetea mapema.

Ni neno la mdomoni zaidi ya karatasini. Kwenye barua ya kikazi silipendekezi, na sababu kubwa ni maana zake nyingine. "I am positive about the project" haisemi una uhakika na mradi. Inasema unauona kwa mtazamo chanya. Na "I am positive" peke yake, bila kitu cha kufuata, katika nchi zetu ambako miongo ya ukimwi imelifundisha neno hili maana moja kabla ya zote, inaweza kumfanya msikilizaji anyamaze na kukushika mkono. Malizia sentensi kila mara: "I'm positive that I locked the door."

Confident

Ndani yake mna kitenzi cha Kilatini cha kuamini, na ndiyo "nina imani" yetu ile ya kocha. Mbeba uhakika ni mtu. Chanzo ni kuamini uwezo, wako au wa wengine, pamoja na dalili ulizonazo. Na linatazama mbele: matokeo ya mtihani, mechi ya Jumamosi, mkataba unaosubiri saini. Kulitumia kwa jambo dogo lililopita, kama "I'm confident I ate breakfast", kunasikika kama msemaji wa serikali mbele ya waandishi wa habari.

Uzuri wake ni kwamba linakubali kuwa mambo yanaweza kwenda vingine. Kocha anayesema "We are certain to win" amewapa wapinzani kitu cha kubandika ukutani kwenye chumba chao cha kubadilishia nguo. Anayesema "We are confident" amewatia moyo wachezaji wake bila kumdharau mtu.

Kwenye barua za kuomba kazi tofauti hii inaonekana waziwazi. Kijana mmoja aliniletea barua yenye "I am sure you will employ me." Kwa Kiswahili chake alikuwa anasema kwa unyenyekevu: nina matumaini, sina shaka na wema wenu. Kwa Kiingereza amemwamulia mwajiri. Shida ilikuwa kwamba aliweka uhakika wake juu ya uamuzi wa mtu mwingine. Tukauhamisha ukae juu ya kazi yake mwenyewe: "I am confident that my three years in the stores department have prepared me for this post." Imani ileile, imekaa mahali ambapo ana haki ya kuiweka.

Wanasayansi wa tabianchi wameligeuza hili neno kuwa chombo cha kupimia. Katika ripoti za IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, "high confidence" husema ushahidi ni imara kiasi gani na wataalamu wanakubaliana kiasi gani, wakati "virtually certain" ni uwezekano wa asilimia 99 hadi 100. Ukitafsiri vyote viwili kwa "uhakika mkubwa" umefuta kazi yao. Mimi huandika "kiwango kikubwa cha imani ya kisayansi" kwa la kwanza na "karibu hakika kabisa" kwa la pili. Na mwaka 2021, walipofika kwenye swali kama binadamu amelipasha joto anga, bahari na nchi kavu, waliweka mizani yote pembeni na kuandika "unequivocal", jambo lisilo na mawili.

Vihusishi: "confident of" matokeo, "confident in" mtu au uwezo wake. Na likisimama peke yake mbele ya nomino, "a confident girl", ni kujiamini.

Convinced

"Vincere" ni kushinda, kwa maana ya vita. Mtu aliye "convinced" ameshindwa na hoja. Alikuwa na shaka au alikuwa upande mwingine, kikaja kitu kikamvuta: ushahidi, tukio, maneno ya mtu. Kwa hiyo neno hili linabeba safari ndani yake, na ndilo pekee kati ya haya linalofanya hivyo. Mbeba ni mtu, linatazama popote. Hufuatwa na "that" au "of".

Kuna vitu viwili vya kuangalia. Likisemwa juu ya mtu mwingine, hasa wakati uliopita, linanong'ona kwamba mtu huyo alikosea. "He was convinced that his neighbour had bewitched the cow" inamwambia msomaji kwamba wewe mwandishi huamini hivyo. Kama hutaki kumhukumu unayemwandika, andika alichosema na sababu aliyoitoa.

Cha pili ni "I'm not convinced." Mswahili aliye kwenye kikao na Waingereza husikia "bado sijashawishika" na kuongeza maelezo, akidhani mlango uko wazi. Mara nyingi mlango umeshafungwa, kwa adabu. Hiyo ndiyo "hapana" yao.

Na "definite"?

Kwa ufupi tu. Hili ni la mambo yanayoonekana mipaka yake: jibu, tarehe, mpango. "A definite answer" ni jibu lisiloyumba. Likisemwa juu ya mtu, "she was quite definite", linasema alivyozungumza, wala halituambii moyo wake ulikuwaje. Ndilo linaloziba pengo la "certain" mbele ya nomino: "a definite date" ni tarehe iliyopangwa, "a certain date" ni tarehe fulani. Angalia tahajia ya "definitely"; ukikosea herufi, simu inaweza kukuwekea "defiantly", na badala ya "nitakuja bila shaka" bosi wako akapata "nitakuja kwa ukaidi".

Mstari mmoja, wafasiri wanne

Kama bado unahisi haya yote ni kuchambua nywele, fungua Warumi 8:38. Paulo alitumia kitenzi cha Kigiriki kilicho katika hali ya kutendwa na kukamilika, chenye maana ya kushawishiwa na kubaki hivyo. Katika Biblia za Kiingereza, wafasiri wa King James, 1611, waliandika "I am persuaded". Agano Jipya la RSV, 1946, likaandika "I am sure". NIV, 1973, "I am convinced". Biblia ya Kiswahili ya Union inasema "nimekwisha kujua hakika".

Hakuna aliyekosea. King James na NIV wamehifadhi ile safari: kuna kitu kilimshika Paulo kikamleta hapa. RSV imehifadhi utulivu wa moyo baada ya safari. Kiswahili kimefanya jambo ninalolipenda zaidi: "nimekwisha" inabeba safari iliyokamilika, na "hakika" inabeba utulivu, vyote katika maneno matatu. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa jambo hili. Kinaliweka kwenye kitenzi, basi.

Biblia hiyohiyo, nadhani, imetuachia kosa moja. "Hakika wema na fadhili zitanifuata" kwa Kiingereza cha King James huanza na "Surely", na tangu shule ya Jumapili tumeamini "surely" ni "hakika". Ilikuwa hivyo. Leo "surely" ni nusu swali, nusu lawama: "Surely you have eaten?" ni "yaani mpaka sasa hujala?" Kwa hiyo "Surely you received my report" kwenda kwa mkuu wako inasomeka kama kumgombeza. Andika "I hope you received my report." Ukihitaji "hakika" kamili, kielezi chake leo ni "certainly".

Kwa hiyo uchukue lipi?

Unaandika barua ya kazi, maombi ya ufadhili au hotuba ya kuhimiza watu: "confident", na uliweke juu ya uwezo na maandalizi yenu, si juu ya uamuzi wa anayesoma.

Unaandika ripoti, na jambo limethibitika: "It is certain that", au afadhali utaje ushahidi wenyewe. Mbele ya nomino tumia "clear", "firm" au "definite".

Unazungumza nyumbani, kazini, sokoni na mgeni: "sure" itakufikisha karibu kila mahali. Mtu akikuuliza mara ya pili na unakumbuka vizuri, "positive", ukimalizia na "that".

Ulibadilisha mawazo na unataka watu wajue kuna kilichokubadilisha: "convinced", kisha useme ni kipi.

Hujui vizuri: "I'm not sure" ni ya kawaida na haina aibu. "I'm not certain" inadokeza kwamba umelifikiria na bado kuna tundu.

Wewe ni mkalimani, na wakili amefika swali la tatu: jaribu "Una uhakika?", halafu "Umehakikisha, huna shaka hata kidogo?", halafu "Unaweza kusimamia neno hilo?" Mama atajua anaulizwa kitu kipya kila mara, na majibu yake yatakuwa matatu kweli.

Na mgeni akikuuliza stendi basi linaondoka saa ngapi, nawe umeshika tiketi ya saa kumi na mbili asubuhi, usiguse hata neno moja kati ya haya. Ukisema "I'm sure the bus leaves at six", atakushukuru na kwenda kumuuliza mwingine. Sema "The bus leaves at six."